Shaba ya sakafuni Paris 2024 ni ya nani hasa?

mdau_wa_viwanja:
Habari zenu wadau. Juzi nlikuwa naangalia picha za jimnastiki ya wanawake Olimpiki ya Paris, fainali ya sakafuni, kuna ile Rebeca Andrade wa Brazil yuko katikati kanyanyua mikono, Simone Biles na Jordan Chiles wa Marekani wamepiga goti huku na huku wanampa heshima. Picha tamu sana. Sasa nashuka chini nakuta Ana Bărbosu wa Romania naye kavaa shaba ya fainali hiyohiyo! Nani ndo wa tatu? Na inakuaje medali inahama wakati watu walishashuka jukwaani? Naombeni mwenye kuijua anieleweshe taratibu, pointi za huu mchezo huwa zinanichanganya.

kapeti12:
Mkuu dhahabu na fedha hazina ubishi. Andrade 14.166, Biles 14.133. Alama ni ugumu (uzito wa mitindo unayofanya) ujumlishe utekelezaji (umeifanya kwa usafi kiasi gani), halafu wanatoa makosa kama kutoka nje. Biles alikuja na ugumu wa 6.9 ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao siku ile, ila alikanyaga nje ya mstari wa pembeni mwa kapeti mara mbili kwa miguu yote, kila mara wanakata 0.3 kwahiyo 0.6 ikaondoka hivihivi. Angetoka mara moja tu dhahabu ilikuwa yake.

Shaba sasa. Chiles alicheza wa mwisho kabisa, majaji wakampa 13.666, yani wa tano. Waromania wawili walikuwa na 13.700 wote, Bărbosu na Sabrina Maneca-Voinea, Bărbosu akawekwa juu kwasababu alama zake za utekelezaji zilikuwa nzuri zaidi. Akajua ameshapata, akachukua bendera anashangilia. Huku kocha wa Chiles kaweka pingamizi kwamba kuna mruko mmoja hawakumhesabia ugumu wake, majaji wakapitia upya wakaongeza 0.1, ikawa 13.766. Bărbosu anainua macho kwenye skrini anakuta jina lake limeshuka, bendera ikamdondoka palepale akaanza kulia. Mi ile klipu huwa siimalizi.

Romania wakaenda mahakama ya usuluhishi wa michezo (CAS). Sheria ni kwamba anayecheza wa mwisho kocha wake ana dakika 1 tu ya kuweka pingamizi baada ya alama kutoka. CAS wakasema lilichelewa sekunde 4. Alama ikarudi 13.666, na tarehe 16 Agosti 2024 Bărbosu akakabidhiwa shaba Bucharest.

mdau_wa_viwanja:
Sekunde 4!! Asante sana mkuu. Kwahiyo ule mruko wenyewe aliufanya vizuri au hakuufanya?

dada_wa_mazoezi:
Hapo ndo panaponiuma ndugu yangu. Majaji walivyopitia upya walikubali kwamba anastahili ile 0.1, na CAS hawakusema mruko ulikuwa mbovu, walichoangalia ni saa tu. Upande wa Marekani wakasema wana video inaonyesha kocha aliongea sekunde ya 47, na Septemba 2024 Chiles akaipeleka kesi mahakama ya shirikisho ya Uswisi, ambako ndiko CAS iliko. Yule binti alicheza sekunde zake 90, akatua, akamaliza kazi yake, kuwahi au kuchelewa kwa pingamizi sio kitu alichokifanya yeye. Na watu walimtukana sana mitandaoni, Bărbosu pia walimtukana, wakati hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea chochote.

kapeti12:
Kweli kabisa dada. Tena kuna mtu watu wanamsahau, Sabrina. Alikatwa 0.1 ya kutoka nje ya mstari na Romania wanasema video inaonyesha kisigino hakikugusa nje. Bila hiyo 0.1 anakuwa na 13.800, anawapita wote wawili, hata ile 13.766 ya Chiles. Ila suala la mstari halikulalamikiwa muda uleule pale ukumbini, kwahiyo CAS wakalitupa. Mi kwangu huyu ndo aliyeumia kuliko wote maana hajawahi hata kuishika ile medali.

mdau_wa_viwanja:
Duh. Swali la mwisho, kama Waromania walifungana kwanini wasingepewa wote? Mbona Tokyo nakumbuka shaba zilikuwa mbili?

dada_wa_mazoezi:
Tokyo Mai Murakami na Angelina Melnikova walifungana 14.166 mpaka alama za ndani, ugumu sawa na utekelezaji sawa, hakuna pa kuwatenganishia, wakapewa wote. Zikitofautiana kidogo tu mwenye utekelezaji mzuri anapita. London 2012 ilimkuta Vanessa Ferrari wa Italia, alifungana na Aliya Mustafina 14.900, Mustafina akachukua shaba. Ferrari akarudi Rio 2016, wa nne tena! Akaumia, akapona, akaenda Tokyo ana miaka 30, umri ambao wenzake wengi walishaacha siku nyingi, akapata fedha kwa 14.200 nyuma ya Jade Carey. Itafute hiyo fainali uiangalie yote, mwangalie Ferrari anavyomaliza.

mdau_wa_viwanja:
Naitafuta leo hiihii. Asanteni sana wote.