Mahesabu ya rejista yananigomea, naombeni msaada walimu wenzangu

Mwl Mgeni
Shikamooni wakubwa. Nina miezi mitano kazini, mwalimu wa darasa la pili, kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika huku Uvinza, Kigoma. Watoto 94, chumba kimoja. Azimio la kazi lipo, andalio la somo naandika, shajara najitahidi. Kinachoniua ni rejista ya mahudhurio. Nikianza kuita majina, dakika ishirini zinakatika na watoto wanapigana mateke chini ya madawati. Nikaona niwe naandika kwenye karatasi, jioni nahamishia. Karatasi moja ililowa mvua, nyingine sijui iko wapi. Wiki mbili zikawa tupu, nikazijaza kwa kukisia.

Wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wakaja. Yule mama alikuwa na kitabu cha uhamisho mkono mmoja, mwingine ameweka kidole kwenye jina fulani ukurasa wa Machi. "Huyu si alihamia Kasulu Februari? Mbona umemwandika yupo wiki nzima?" Mwalimu mkuu amesimama pembeni. Watarudi. Nyie mnafanyaje?

Chaki Nyeupe
Marahaba mdogo wangu, pole. Nimekaa na rejista miaka tisa Urambo, najua uchungu wake.

Kukisia acha kabisa. Siku uliyokosa kuandika iache wazi, umweleze mkuu wako. Ukipika siku moja, hata zile za kweli hakuna atakayeziamini.

Majina 94 usiite. Kila mtoto mpe namba yake ya rejista, wahesabu wenyewe kwa sauti: moja, mbili, tatu. Panapokuwa kimya, huyo hayupo. Wadogo wanaupenda huo mchezo, na kuhesabu si ndiyo KKK yenyewe, kusoma, kuandika na kuhesabu? Andika palepale, kwa wino.

Kujumlisha usingoje mwisho wa mwezi. Ijumaa mchana, kabla hujafunga begi, wavulana peke yao, wasichana peke yao. Jumlisha siku kwa siku kwenda chini, kisha mtoto kwa mtoto kwenda pembeni. Zikikutana namba moja, nenda kapike. Zisipokutana, kosa liko ndani ya wiki moja tu na utalipata.

Baba Dagaa
Dada amemaliza upande wa hesabu. Mimi nafundisha mwambao huohuo, naongeza moja: ukishaijaza, isome.

Nilikuwa na kijana wa la nne. Kila mwezi anapotea siku kama nane, anarudi. Nikamhesabu mtoro sugu. Siku moja nikaweka rejista kando ya kalenda ya mwezi wa angani, nikacheka peke yangu. Siku za giza, usiku hauna mwezi, hayupo; mbalamwezi ikija huyo kakaa mbele. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, mitumbwi inapumzika. Alfajiri nikashuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikamkuta na bibi yake wanaanika dagaa. Fimbo ingesaidia nini? Tukakubaliana na bibi: siku za giza aje saa tatu, lakini aje.

Kwa hiyo nunua kauntabuku ndogo, yako mwenyewe. Rejista inasema hayupo, kauntabuku inasema kwa nini. "Malaria." "Kaenda shamba." "Hana sare." Mzazi akiitwa, una cha kumwambia.

Kijana wa Nzega
Mimi kila Ijumaa naupiga picha ukurasa kwa simu. Mvua ije tu.

Chaki Nyeupe
Piga, lakini wathibiti hawakagui simu yako, kijana.

Mwl Mgeni
Asanteni sana. Nimekwenda kwa mkuu nikasema ukweli kuhusu zile wiki mbili. Amenuna, ila amesema bora nimemwambia mwenyewe.

Leo nimejaribu namba. Dakika nne! Walipofika 37 pakawa kimya, darasa zima likageukia dawati la nyuma. Kasichana kamoja kakanyoosha kidole: "Yuko mwaloni, mwalimu." Nimeandika.