Inzi weupe kwenye nyanya: dawa inayomwagwa shinani humfikiaje mdudu?

Mkulima wa Ilula
Ndugu wakulima, salaam. Nyanya zangu zina wiki mbili tangu nizihamishe kitaluni, na nikigusa jani inzi weupe huruka kama unga uliopeperushwa. Muuza pembejeo amenipa imidaklopridi, akaniagiza niimwage shinani. Je, dawa iliyo udongoni humfikiaje mdudu aliye chini ya jani? Na mbona baadhi ya miche imekwisha kujikunja na kudumaa?

Afisa ugani mstaafu
Muuzaji hakukosea. Mizizi huifyonza dawa pamoja na maji, nayo hupandishwa na mirija ya maji hadi kwenye majani, yakiwemo yatakayochipua baadaye. Inzi mweupe hatafuni jani, bali hulichoma na kufyonza utomvu wake. Akiufyonza wenye dawa, mishipa yake ya fahamu husisimka mfululizo hadi apooze na kuacha kula. Kwa hiyo dawa hii huwafaa wafyonzaji kama inzi weupe na vidukari, lakini ukiitegemea kwa kantangaze, ambaye ni kiwavi, utapoteza fedha. Mwagilia kwanza, kwa kuwa mmea ulionyauka hauivuti ipasavyo.

Miche iliyojikunja inaelekea kuwa na rasta, ugonjwa wa virusi usio na tiba, hivyo ing'oe leo. Mdudu hufa baada ya kufyonza, na huko kufyonza kwenyewe kunaweza kutosha kuambukiza. Ndiyo maana kinga huanzia kitaluni, kwa neti yenye matundu madogo sana.

Mfuga nyuki
Naomba niongeze kwamba dawa hiyo hufika hadi kwenye chavua. Kwa ajili ya nyuki, Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kwamba imidaklopridi itumike ndani ya vitalu nyumba vya kudumu tu. Tafadhali usiitumie nyanya zikishatoa maua, kwa maana asubuhi utawakuta nyuki-mwitu wamelikumbatia ua, wakilitikisa kwa mvumo ili chavua idondoke.

Mkulima wa Ilula
Nashukuru sana, wazee wangu. Dawa ikibaki, niirudie?

Afisa ugani mstaafu
Usiirudie mfululizo, wadudu watakuwa sugu. Wala usidhani thiamethoksamu au asetamipridi ni mbadala, kwani zote ni za kundi moja. Soma pia kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uzitimize zote, kwa sababu dawa iliyo ndani ya tunda haitoki kwa kuoshwa.