"Mjomba, wewe utapona sehemu ya ngapi?"

GongoMbili

Wakuu, salaam. Nina mtindio wa ubongo, natembea kwa magongo mawili tangu utotoni. Jana jioni nilikuwa naangalia tamthilia na mpwa wangu wa miaka 7. Kuna kijana yumo kwenye kiti cha magurudumu: sehemu zote amenuna, anawafokea wanaompenda. Sehemu ya mwisho, kwenye harusi ya dada yake, akainuka akatembea. Muziki ukapanda, ukumbi mzima ukalia. Mtoto akashangilia, halafu akanigeukia: "Mjomba, na wewe utapona sehemu ya ngapi?"

Sikumkasirikia, lakini usingizi ulinipaa. Nikalala nawahesabu wahusika wenye ulemavu niliowahi kuwaona, na kila mmoja aliishia wapi. Kuna walioponywa. Kuna waliokufa ili mhusika mkuu apate funzo. Kuna majambazi waliopewa kovu au jicho moja ili tuwaogope mapema. Waliobaki walivyo, wakaenda kazini, wakagombana na wake zao, wakachelewa kulipa kodi ya nyumba, hawakutimia vidole vya mkono mmoja.

Nitajieni niliowasahau. Na waandishi wa miswada mliomo humu, nielezeni: kwa nini mwili kama wangu ni lazima upatiwe ufumbuzi kabla filamu haijaisha?

MpendaSinema

Pole mkuu. Kuhusu miisho hiyo sina ubishi. Ninachoogopa ni kufika mahali pa kusema asiye na ulemavu asiguse nafasi hizo. Daniel Day-Lewis alipata Oscar kwa *My Left Foot*, akimwigiza mtu mwenye mtindio wa ubongo, na kipindi cha kupiga picha alikuwa hashuki kwenye kiti cha magurudumu hata kamera zikizimwa. Kuigiza ni kuvaa usichokuwa nacho. Tukianza kuulizana vyeti vya daktari kwenye usaili, sanaa tumeiua.

BintiWaViziwi

Wazazi wangu wote wawili ni viziwi. Lugha ya alama niliijua kabla ya kuongea, kwa hiyo nitasema la kwetu.

Mhusika anaongea kwa mikono, kamera inamsogelea usoni, mikono inakatwa nje ya picha. Ni sawa na kumziba mtu mdomo katikati ya sentensi. Mama ananigeukia: "Amesema nini?" Sina cha kumtafsiria, kwa sababu na mimi sikuiona. Halafu kiziwi wa filamu husoma midomo ya mtu aliye mwisho wa chumba, taa hafifu, na asikose neno! Baba yangu amesoma midomo maisha yake yote, na mengi bado anayakisia.

MpendaSinema, Marlee Matlin alipata Oscar mwaka 1987. Kiziwi wa pili kuipata kwa uigizaji ni Troy Kotsur, mwaka 2022, kwa kumwigiza baba kwenye filamu ya *CODA*. Hesabu mwenyewe katikati hapo. Na kwenye hiyo *CODA*, wenye fedha walitaka huyo baba achezwe na nyota anayesikia, mpaka Matlin, aliyemo pia, aliposema wakifanya hivyo yeye anajitoa. Huo usaili unaoutetea, watu wetu wengi hata mlangoni hawafiki.

KalamuYaUsiku

Naandika miswada, swali lako limenifikia. Tulifundishwa kwamba mhusika lazima abadilike, na mwili ukibadilika kila mtazamaji anaona, huhitaji kuandika mazungumzo magumu. Ni njia ya mkato, nami nimeipita.

Mwaka 2018 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilitangaza kwamba haitafadhili tena filamu zinazomtambulisha muovu kwa makovu ya usoni. Nilipoisoma habari hiyo nilifungua muswada niliokuwa nao. Jambazi wangu alikuwa na kovu. Nikalifuta, na hakuna mstari hata mmoja uliohitaji kurekebishwa.

Mtoto ulimjibu nini?

GongoMbili

MpendaSinema, mtazame RJ Mitte kwenye tamthilia ya *Breaking Bad*. Ana mtindio wa ubongo kweli, lakini hali yake ni nafuu kuliko ya mhusika wake, ikabidi ajifunze kutembea kwa magongo. Kwa hiyo kuigiza kumebaki palepale. Anagombana na baba yake, anataka gari, anakula kifungua kinywa. Nilipomwona mara ya kwanza nilisahau kufuatilia hadithi, nikawa naangalia anavyogeuka kwenye kona ya jikoni.

Mwingine ni Harold Russell, kwenye filamu ya *The Best Years of Our Lives*, 1946. Mikono yake yote miwili ilikatika jeshini. Kuna pahala anamwonyesha mchumba wake anavyovua kulabu anazotumia badala ya mikono kabla ya kulala, na kumwambia kwamba mlango ukijifunga na upepo, hawezi kuufungua. Mchumba anamfunga vifungo vya nguo ya kulalia. Basi. Hakuna anayepona. Magongo yangu yakiteleza chini ya kitanda usiku, mlango ule ndio ninaoukumbuka.

KalamuYaUsiku, nilimwambia mimi siumwi, ndivyo nilivyo. Akafikiri kidogo, akauliza: "Sasa yule mbona walimponya?" Hapo jibu sikuwa nalo, ndiyo maana nikaja kuandika humu.