Kopi na mwenyewe: gumzo la kikundi cha familia, Ujiji

Jumatano, jioni

Binamu: Shikamooni wakubwa. Nimetuma sauti ya mazoezi ya leo ya bendi yetu hapa Mwanga. Sikilizeni mniambie ukweli, Jumamosi ya harusi ndiyo hiyo na ukumbi utajaa.

Binamu: [ujumbe wa sauti]

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Nasikiliza huku nageuza migebuka.

Kaka (Dar): Shauri Yako! Aisee, solo anapiga nani? Gitaa linaongea.

Binamu: Kijana wa Katubuka. Amejifunzia kwenye simu tu, hajawahi kukaa darasani.

Mjomba: Solo safi, sina neno. Besi ipunguzeni, inameza waimbaji. Lakini swali langu ni lile lile, mtapiga nyimbo za watu hadi lini? Mna vipaji, tungeni zenu.

Binamu: Zetu tunazo Baba, na Jumamosi tutapiga. Ila harusini watu wanataka wimbo ambao wataitikia wenyewe bila kufundishwa.

Mimi: Mjomba, shikamoo. Hapa naomba nikupinge kwa heshima. Mimi nyimbo za kopi nazipenda kwelikweli, na si za harusini tu. Ukimsikia mwenye wimbo peke yake, sauti yake na wimbo vimeshikana, huwezi kujua kinachokugusa ni kipi. Akija mwingine akauimba kwa koo lake ndipo unasikia mtunzi alifanya kazi gani.

Mjomba: Marahaba. Lete mfano, maneno matupu sitaki.

Mimi: Mfano si huo huo aliotuma binamu? Shauri Yako ni wa nani?

Dada: Super Mazembe wa Nairobi. Hata mtoto anajua.

Mimi: Mazembe waliurudia, Dada. Aliyeutunga ni Nguashi N'timbo, Mkongo, na aliupiga kwanza na bendi ya Festival du Zaïre.

Dada: Usiniambie!

Mama: Huyo anasema kweli. Babu yenu kila ukipigwa redioni alikuwa akisema "huu umetoka ng'ambo", nasi tukadhani anajivunia tu watu wa Kalemie, kule Kongo.

Mimi: Na utamu wake ni kwamba hao Mazembe nao walikuwa Wakongo. Walipitia Zambia, wakaingia Nairobi 1974, wakabaki huko. Kwa hiyo wimbo wa Kikongo, wa Kiswahili, umekwenda kuvumia Kenya, kisha ukaturudia sisi tunaoiona Kongo kwa macho siku ya mawingu machache. Bila ile kopi ya Nairobi, Afrika Mashariki nzima ingeujuaje?

Mjomba: Ingeujua kwa Nguashi mwenyewe kama redio zingempiga. Umenipa mfano unaonisaidia mimi. Miaka yote hiyo mpwa wangu wa kike, msomi, hajui jina la mtunzi. Hilo ndilo linaloniuma. Kopi nzuri inamfunika mwenyewe hadi anasahaulika.

Dada: Mjomba nimekuelewa, lakini jina nimelijua leo kwa sababu ya hiyo hiyo kopi. 😀

Kaka (Dar): Mjomba ana hoja nzito, tusiipite haraka. Someni habari za Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi Mbube Johannesburg 1939. Wamarekani wakauchukua: The Weavers wakauimba miaka ya hamsini, The Tokens wakaugeuza 1961 ukawa ule wa simba amelala, ukazunguka dunia nzima. Linda akafariki 1962, maskini. Familia yake ilikuja kupata makubaliano ya malipo 2006. Hesabuni hiyo miaka.

Mama Mdogo: Mungu wangu. Na watoto wake wakiusikia kila mahali?

Kaka (Dar): Kila mahali, Mama Mdogo.

Mjomba: Sasa mnanielewa.

Mama Mdogo: Kaka nakuelewa, ila na mimi nina wangu. Ule wa Whitney Houston, I Will Always Love You. Nyote mnajua ukipigwa mimi siongei na mtu. Huu binti yangu alinionyesha ni wa Dolly Parton, wa 1974. Nikausikiliza wa Dolly. Ni mpole, anaimba kama mtu anayemuaga mtu mlangoni, bila kelele. Whitney 1992 anaanza bila chombo chochote, sauti peke yake, halafu mbele huko anapandisha hadi nywele zinasimama. Maneno ni yale yale, lakini huyu anaaga kwa upole na yule anaaga moyo ukipasuka. Sasa nichague yupi? Sitaki kuchagua. Nawataka wote wawili.

Mimi: Mama Mdogo umesema nilichokuwa nakitafuta tangu nianze kuandika.

Kaka (Dar): Na Dolly aliandika wimbo ule akiagana na Porter Wagoner, mtu aliyekuwa akifanya naye kipindi cha televisheni. Ni kuaga kazi, kwa heshima. Kingine, Mjomba, hiki ni chako: Elvis Presley aliutaka wimbo ule. Meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly akakataa, na alimpenda sana Elvis. Whitney alipokuja kuuimba, haki zilikuwa mikononi mwa Dolly mwenyewe, fedha ikaenda kwake.

Mjomba: Huyo mama ana akili. Basi tumekubaliana kitu: tatizo si kurudia, tatizo ni kumnyima mtunzi jina lake na haki yake.

Mimi: Hapo nakubaliana nawe Mjomba, mia kwa mia.

Mdogo: Nimetoka twisheni nimekuta meseji kibao. Mnaongea kava na hamniiti?

Dada: Umekula kwanza?

Mdogo: Nimekula. Sikilizeni. Mimi kava ninazozipenda ni za wale wanaojirekodi chumbani na gitaa moja. Wimbo wa Bongo Fleva ambao siku zote ni biti tu, unaruka unaruka, mtu anautoa biti yote, anauimba polepole. Ghafla nasikia kumbe ulikuwa wimbo wa huzuni! Nilikuwa naucheza tu, maneno sijawahi kuyasikiliza.

Mama: Na mazoezi ya hesabu unayasikiliza lini?

Mdogo: Nimemaliza Mama, kweli.

Mdogo: Halafu Salome ya Diamond na Rayvanny, 2016. Niliipenda, nikaenda kumtafuta Saida Karoli mwenyewe, ule wa 2001. Yaani sauti yake na zile ngoma, Kihaya sikijui hata neno, lakini niliurudia usiku kucha.

Mjomba: Ule wa Diamond mimi siuhesabu kuwa kopi. Wamechukua kiitikio, maneno mengine ni yao. Ni wimbo mwingine uliozaliwa na ule.

Mdogo: Sawa Mjomba, lakini umenifikisha kwa Saida.

Mjomba: Hilo silikatai.

Mama: Watoto mnabishana kana kwamba jambo ni geni. Taarabu imeishi hivyo. Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay 1928, akafariki 1950. Nyimbo zake zilikuwa midomoni mwa Bi Kidude miaka na miaka, hadi naye akafariki 2013. Siti sauti yake iko kwenye santuri za zamani, inakwaruza. Ya Kidude nzito, ya moshi. Hakuna aliyemwuliza Bi Kidude kwa nini hatungi zake. Nyimbo zilihitaji mtu wa kuzibeba, akazibeba.

Mama Mdogo: Dada, hapo umenimaliza.

Mimi: Mama kwa nini hujawahi kutuambia haya?

Mama: Mmeniuliza?

Shemeji (Tabora): Hamjambo wote. Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Harusi ya Kigoma itapigwa Kongo na Zanzibar tu? Na wimbo Asha je? Tabora Jazz, Shem Karenga! Treni ikiingia hapo Kigoma na watu wa Tabora tusiusikie Asha, tutarudi nayo usiku huo huo.

Binamu: Shemeji usihofu, Asha upo. Tena huo ndio unaotupa kazi kuliko zote. Mwimbaji wetu sauti yake haifiki juu kule. Tumeshusha wimbo mzima, lakini ukishusha, gitaa linapoteza ule mng'aro, zile nyuzi za juu hazilii vile. Tumejaribu kuweka kibano cha nyuzi (kapo) kwenye gitaa, afadhali kidogo.

Shemeji (Tabora): Mpe dada aimbe.

Binamu: Dada yupi?

Shemeji (Tabora): Huyo aliyeitikia kwenye sauti uliyotuma. Nimemsikia.

Kaka (Dar): Shemeji ana sikio! Wimbo wa mwanaume ukiimbwa na mwanamke unageuka wenyewe. Oneni Malaika. Ni mwanaume analia hana mahari. Miriam Makeba akauimba hivyo hivyo, na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, na maneno hakuyageuza. Mwanamke anaimba shida ya kijana asiye na mali, na unamwamini. Baadaye Boney M wakautia disko 1981, Angélique Kidjo wa Benin naye akauimba kwenye Logozo, 1991. Wimbo mmoja wa vijana wa huku kwetu, na kila mtu kaupa sura yake.

Mama Mdogo: Wa Boney M mimi sipendi. Unanifanya nicheze, na ule si wimbo wa kucheza.

Dada: Mimi naupenda kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tunaucheza uani.

Mama Mdogo: Basi kila mtu na wake.

Mjomba: Na Malaika ni wa nani? Hebu semeni.

Mimi: Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukavuma. Lakini Adam Salim, Mtanzania, alidai ndiye aliyeutunga. Ubishi ule haujaisha hadi kesho.

Mjomba: Mmeona? Wimbo mkubwa kuliko zote za Kiswahili, dunia nzima inauimba, na sisi wenyewe bado tunagombania mzazi. Ndiyo maana nasema andikeni. Binamu yenu hapo akitunga kitu leo, asajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, leo hii.

Kaka (Dar): Sheria ipo, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Hata kupiga wimbo wa mtu hadharani, mtunzi anastahili mrabaha. Kwa harusi ya familia hakuna atakayekuja na daftari, ila bendi ikianza kulipwa kila wiki hotelini, hilo lijueni mapema.

Binamu: Nimeelewa Kaka. Kuna mwenzetu ameshaanza kuulizia.

Mama: Bibi ameamka, nimemsomea yote. Anasema andika hivi: "Sisi hatukujua nani katunga. Nyimbo zilikuja na maboti. Mtu akitoka Uvira na wimbo, jioni Kibirizi yote wanaimba, na kila mtu anaongeza lake. Aliyeongeza vizuri ndiye tuliyemwita arudie." Anaulizia pia kama khanga zake zimefika.

Mama Mdogo: Mwambie zimefika, ninazo. Jamani huyu mama!

Mimi: Mjomba, unasemaje kwa Bibi?

Mjomba: Kwa mama yangu sisemi kitu. 🙏🏾 Lakini ngojeni, hata hapo kasema jambo. Waliongeza lao. Hicho ndicho ninachowataka vijana wakifanye. Mkipiga Shauri Yako kama sahani ya santuri ilivyo, nota kwa nota, kwa nini nisikae nyumbani nikawasha redio? Nataka nisikie Mwanga humo ndani. Ile solo ya kijana wa Katubuka, kwenye dakika ya pili kuna mahali ameacha njia ya Mazembe akaenda kwake kidogo, kisha akarudi kwa woga. Asirudi! Mwambieni aende.

Binamu: Baba umeisikia ile? Tulimgombeza kwamba amekosea.

Mjomba: Hakukosea. Nimeisikiliza tena na tena tangu jioni. Mwambieni Jumamosi akifika pale aendelee, besi imngoje.

Mdogo: Mjomba anapenda kava! Imeandikwa hapa!

Mjomba: Napenda muziki mzuri, mwanangu. Sasa lala, kesho shule.

Mama Mdogo: Tupange basi, nimechoka. Maharusi wanaingia na Malaika, polepole, aimbe binti. Asha wakati wa chakula, kwa heshima ya Tabora. Shauri Yako kufungua dansi. Whitney msimpige, nitaharibu uso wangu mbele ya wakwe.

Dada: Na zile mbili za bendi yenyewe?

Mama Mdogo: Baada ya kukata keki, watu wakiwa bado wamekaa, wasikilize maneno.

Binamu: Nimeandika yote Shangazi. Asanteni wakubwa.

Mjomba: Na sharti langu moja. Kila wimbo kabla haujapigwa, MC amtaje mtunzi. Ikiwa nani katunga kuna ubishi, ataje wote wawili.

Binamu: Nitampa karatasi, Baba.

Mjomba: Andika kwa herufi kubwa. NGUASHI N'TIMBO. Yule MC wenu majina ya Kikongo humshinda, mwite Ijumaa ayasome mbele yako.