Umewahi kuvunjiwa usiku hapa Mwanza? Tupeane uzoefu

Binti Mabatini: Habari za asubuhi ndugu zangu. Usiku wa kuamkia leo, kama saa nane na nusu, nimesikia bati la jirani wa juu likigongwa, halafu miguu ikishuka ngazi za mawe mbio. Nimekaa kitandani na mchi mkononi mpaka adhana. Mnaokaa milimani mnajua, gari la polisi linaishia barabarani chini, kufika kwangu ni kupanda kwa miguu katikati ya mawe. Mlioshavunjiwa, mlifanyaje? Nina watoto wawili.

Ngosha wa Buhongwa: Pole dada. Hata huku kwetu hakulaliki.

Mama Kulwa: Mdogo wangu umenikumbusha mbali. Tulikuwa Igogo, mume wangu kasafiri. Nililala taa ya nje ikiwaka. Nilipoamka kumfunika Doto nikaona nje giza, nikajua umeme umekatika. Kumbe glopu wameifungua taratibu, asubuhi tuliikuta nzima ndani ya ndoo. Sijarudi kitandani, fatuma, lile jiwe kubwa la kuvunjia mlango, likatua mlangoni. Pigo la kwanza komeo likapinda, la pili mlango ukaingia sebuleni na fremu yake. Wanaume wanne, mmoja ana panga. Wakabeba tivii, mtungi wa gesi, simu, na laki tatu na nusu za kikoba nilizotakiwa kupeleka kesho yake. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakutoka mtu. Niliwalaani majirani zangu usiku ule, Mungu anisamehe. Kulipokucha ndipo tukaona: milango mitatu ya majirani imefungwa kwa nje, vitasa vimeunganishwa na grili za madirisha kwa ule waya wa kufungia nondo. Baba mmoja alichubuka bega lote kwa kusukuma. Kituoni nikapewa RB, ile namba ya taarifa yako polisi, nikaulizwa risiti ya tivii. Sikuwa nayo.

Fundi Nyakato: Pole sana mama. Huo mchezo wa waya upo kweli. Grili ya mlango ifungiwe ndani, na kwa nje pasibaki pa kushikiza kitu. Komeo ziwe mbili, juu na chini. Na yale mawe yaliyobaki mlipojenga yaondoeni uani, fatuma wanaliokota hapo hapo kwako.

Mpangaji Kitangiri: Tuseme ukweli, ulinzi shirikishi umekufa. Tunachanga buku mbili kila mwezi, saa tisa usiku humwoni mlinzi hata mmoja. Wengine ndio wanaowaonyesha wezi nyumba.

Mlinzi wa Zamu: Ndugu yangu, hilo neno limeniuma. Nimelinda mtaa wetu miaka mitatu. Tochi yangu, betri zangu, koti la mvua la kuazima. Nyumba sitini, zinazolipa hazifiki ishirini. Kama unamjua mlinzi anayekula na wezi, mtaje kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa polisi kata, usitupake matope wote.

Mpangaji Kitangiri: Mimi nalipa, stakabadhi ninazo zote.

Mlinzi wa Zamu: Basi sikusemi wewe. Nawasema hao arobaini.

Mzee wa Magu: Wanangu, sungusungu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku Usukumani na Unyamwezini, ng'ombe walikuwa wanaisha zizini, hapakuwa na habari ya buku mbili. Mwano, ule ukelele wa kuitana, ukipigwa kila mwanaume anatoka na upinde, kijiji cha pili wanaupokea, mwizi anakuta kila njia ina watu. Asiyetoka anatozwa faini. Serikali ikaja kuitambua kisheria 1989. Leo filimbi inalia mtu anavuta blanketi.

Boda Igoma: Shikamoo mzee wangu. Mwano ni mzuri, lakini mimi uliniponza. Kibaka alinikwapulia simu sokoni, nikamkimbiza nikipiga kelele za mwizi. Akageuka, akaninyooshea kidole, naye akapiga kelele hizo hizo. Yeye kachomekea shati, mimi nina vumbi kichwa mpaka mguu. Nikajikuta chini. Tofali la kwanza lilinipiga hapa begani, nikasikia mtu anaulizia tairi. Aliyeniokoa ni mama muuza dagaa. Aliacha beseni likamwagika, akanilalia mwilini, akanifunika kitenge chake, analia: "Huyu ndiye ananibebea mzigo kila asubuhi, nipigeni mimi!" Kitenge kile kilikuwa kinanuka dagaa, mpaka leo harufu hiyo inanitoa machozi. Jamani, sheria inamruhusu raia kumkamata mwizi na kumkabidhi polisi mara moja. Haimruhusu kuua.

Ngosha wa Buhongwa: Nimesoma mara mbili. Mungu amlinde huyo mama.

Dada wa Pasiansi: Na waliomuua kaka yangu kwa ajili ya pikipiki, nao tuwafunike vitenge?

Boda Igoma: Pole dada yangu, sina neno la kukujibu. Ninachojua siku ile mwizi alikuwa anatazama akiwa kwenye kundi la wanaonipiga.

Mvuvi wa Kirumba: Huku ziwani mashine ya mtumbwi tunaifungua kila tukirudi, tunaibeba begani mpaka ndani. Mwenzetu aliiacha usiku mmoja tu kwa uchovu, sasa hivi anapiga kasia.

Mama Ilemela: Fugeni mbwa.

Mkulima Kishiri: Mbwa wanatupiwa nyama yenye sumu. Fuga bata bukini, akisikia mguu mtaa mzima unaamka.

Mlinzi wa Zamu: Bonyezeni *#06# leo hii, itokee IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, muiandike kwenye daftari. Na risiti mzitunze nje ya nyumba, kwa ndugu.

Binti Mabatini: Asanteni wote. Mama Kulwa, nimesoma habari ya waya nikatoka kuangalia mlango wangu kwa nje. Kipande kipo. Kimekazwa kwenye grili ya dirisha, upande wa kitasa kimeachwa kinaning'inia. Sijakigusa. Balozi wa nyumba kumi ameshampigia polisi kata, wapo ngazini wanapanda.