Mrejesho: ile riwaya ya familia ya wahalifu nimeimaliza

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama niendelee na ile riwaya ya vizazi vitatu vya familia ya majambazi au niachane nayo, maana nilikwama ukurasa wa 140. Wengi mlisema nikaze. Nimekaza, jana usiku nikaimaliza.

Wazo lenyewe bado nalipenda: babu anaanza na magendo, mwanawe anayavisha joho la kampuni halali, mjukuu anataka kujitoa kabisa. Kilichoniangusha ni utekelezaji. Tunaambiwa babu anaogopwa, lakini hakuna hata tukio moja linaloonyesha mtu akimwogopa. Kumbukeni harusi ya mwanzoni mwa The Godfather ya Mario Puzo (1969): watu wanaingia kuomba fadhila, na bila kuelezwa unajua nguvu iko kwa nani. Hapa usaliti wa mjomba, niliousubiri kurasa 300, umemalizwa kwa aya mbili. Mbili! Halafu tunarushwa miaka kumi mbele.

Aliyeniambia sehemu ya tatu inachangamka hakukosea sana. Shangazi anayetunza daftari za hesabu ndiye pekee aliye hai humo. Riwaya yake peke yake ningeinunua kesho.