Mbwa anabweka usiku kucha hapa Katuba, Lubumbashi (Kongo), nilalamikie wapi?

Mpangaji_Katuba: Bandugu, jambo. Kuna mbwa hapa kwetu, tangu saa nne ya usiku mpaka alfajiri ni kubweka tu. Sheria inasema nini?

Karani_Mstaafu: Anza na daftari: tarehe, saa anayoanza, saa anayonyamaza. Tafuta majirani wawili watie sahihi. Peleka barua nakala mbili kwa shefu wa kartye (mkuu wa mtaa), moja irudi na muhuri, maana barua isiyo na muhuri hupotea. Akishindwa kuwapatanisha, panda komine, ofisi iliyo juu ya kartye. Tribinali ya amani ni mwisho. Kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia kinamtaka mwenye mnyama ajibu hasara mnyama aliyoleta, lakini usingizi uliopotea utauthibitisha na nini kama si daftari?

Mganga_wa_Mifugo: Geti lina nafasi chini? Mbwa anaona miguu ya wapita njia, anabweka, wanapita zao, naye anaamini amewafukuza. Kesho anazidisha. Wazibe kwa bati, wamlishe jioni, na usiku wamwachie atembee uani. Mnyororo mfupi ndio unaomharibu.

Shemeji_Mupole: Umeme ukikatika, huyo ndiye askari wenu. Mulipe!

Mama_Bukari: Mutoto yangu, "hapa kwetu" ni wapi? Mbwa ni wa nani?

Mpangaji_Katuba: Wa mwenye nyumba. Tuko parseli moja, yaani kiwanja kimoja. Nimezuia kodi ya miezi 2 kwa sababu ya hizo kelele, na ni haki yangu.

Karani_Mstaafu: Si haki yako. Na shefu wa kartye muache kwanza. Mpangaji na mwenye nyumba, Sheria 15/025 ya 31 Desemba 2015 ya upangaji wa nyumba inawapeleka kwenye servisi ya abita (ofisi ya makazi) ya komine mpatane kabla ya tribinali. Ukifika na deni, wataanza na deni. Lipa, dai risiti, ndipo uandike. Wala usiseme garanti, ile amana uliyoweka ulipoingia, ilipe hiyo miezi, ile si kodi.

Mpangaji_Katuba: Na dawa ya panya ndani ya nyama? Nimeshanunua.

Mganga_wa_Mifugo: Tupa! Mbwa akitapika, kuku wanadonoa na watoto wanashika. Na kuua mnyama wa mtu ni kosa la jinai.

Kizito_Kamalondo: Hii imepikwa. Kwanza mbwa tu, halafu mwenye nyumba, halafu deni, sasa sumu. Taja avenyu.

Mpangaji_Katuba: Siwezi, mwenye nyumba anasoma humu.

Shemeji_Mupole: Basi barua imefika. Bado muhuri.